Picha Moja kwa Kila Mteja: Kisa cha Studio ya Seydou Keïta

Mwaka 1991, jijini New York, kulifanyika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika ya karne ya 20. Ukutani zilitundikwa pia picha chache za nyeusi na nyeupe: watu wa Bamako waliovaa wakapendeza, wametulia, nyuma yao pazia lenye nakshi. Maelezo yake yalisema mpiga picha hajulikani.

Mpiga picha mwenyewe alikuwa hai. Alikuwa na umri wa kama miaka 70, amestaafu, anaishi Bamako alikozaliwa, na mikono yake sasa ilishika injini za vyombo vya moto badala ya kamera. Nyumbani alikuwa ametunza maelfu ya negativu, yaani zile filamu za kamera ambazo picha za karatasi huchapwa kutoka kwake, kazi ya miaka kumi na minne hivi. Jina lake Seydou Keïta.

Kisa hiki nakirudia kila ninapozungumza na vijana wanaotaka kuishi kwa kupiga picha za watu. Wengi wanamjua Keïta kwa mtindo. Watakuonyesha lile pazia la maua, ule mkao wa kuegemea upande, ile nguo ya mistari juu ya shuka la mirabaraba, kisha wataenda kununua kitambaa kinachofanana. Ninachotaka tukitazame hapa ni kitu kingine: ule ua wa nyumba yao, uliokuwa studio yake, ulivyoendeshwa kama biashara. Kadiri ninavyouchunguza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba karibu kila tunachokiita mtindo wa Keïta kilianza kama jibu la swali la gharama, muda au mteja. Na lile jina lililokosekana New York lilipotea katika hatua moja ya kazi, ambayo wengi wetu bado tunairuka hadi leo.

Miaka kumi na mitatu kabla ya studio

Keïta alizaliwa Bamako karibu na mwaka 1921, wakati Mali ikiitwa Sudani ya Kifaransa. Ukoo wao ulikuwa wa maseremala, naye aliingizwa kwenye mbao tangu mdogo. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka Senegali na kamera ndogo ya Kodak, akampa. Alianza na ndugu na majirani. Picha za mwanzo zilimtoka vibaya, kama zinavyomtoka kila mtu.

Studio aliifungua mwaka 1948. Hesabu: ni miaka kumi na mitatu tangu siku ile ya kamera ya mjomba. Katika muda wote huo randa na msumeno havikuwekwa chini. Useremala ulimlisha, kamera ikakua taratibu pembeni yake. Naisisitiza sehemu hii kwa sababu kila wiki nakutana na mtu aliyeacha kazi mwezi uliopita, amekopa akanunua kamera, na anataka picha zilipe kodi ya nyumba kabla mwezi haujaisha. Mtu aliyebanwa namna hiyo hukubali kila oda kwa kila bei, na baada ya mwaka mmoja anakuwa amejenga jina la mtu wa bei ya chini. Jina hilo likishakukaa, kulivua ni kazi ngumu kuliko kulivaa.

Alijifunza kwa nani? Watu wawili wanatajwa. Mmoja ni Pierre Garnier, Mfaransa aliyekuwa na duka la vifaa vya picha mjini Bamako. Wa pili ni Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga picha, na huyu ndiye aliyemfungulia chumba cha giza. Ukitazama kwa jicho la leo, mmoja alikuwa muuzaji wake na mwingine mshindani wake. Keïta alijisogeza kwa wote wawili, na alichokitafuta kwao kilikuwa kusafisha na kuchapisha picha, yaani ile nusu ya kazi ambayo mteja haioni. Huko ndiko mpiga picha anakoacha kumtegemea mtu mwingine. Kwa mpiga picha wa leo nusu hiyo ni kompyuta, rangi, printa, utunzaji wa mafaili. Wengi huipa mtu mwingine kabla hawajaielewa wenyewe, kisha wakashindwa kujua kwa nini ngozi ya mteja imetoka na rangi ya udongo.

Uani

Studio ilikuwa kwenye kiwanja cha familia, mtaa wa Bamako-Coura, kwa hiyo hakuanza na mzigo wa pango. Jirani kulikuwa na gereza, na si mbali kulikuwa na soko na stesheni ya reli ya Dakar–Niger. Reli ilileta wasafiri, na msafiri ana sababu mbili za kupiga picha: kuipeleka kwao, na kuonyesha kwamba alifika mjini. Sisemi kwamba kila mtu atafute kiwanja karibu na stesheni. Nasema mteja wa picha ya studio huja akiwa tayari na sababu, na mpiga picha mwenye akili hukaa pale ambapo sababu hizo hupita.

Sasa tuje kwenye kamera, maana hapa ndipo penye utamu.

Kamera yake ya studio ilikuwa ya mbao, inasimama juu ya miguu mitatu, inatumia negativu ya sentimita 13 kwa 18. Aliyewahi kuigusa kamera ya namna hii anaijua shughuli yake. Unajifunika kitambaa cheusi. Kwenye kioo cha nyuma unamwona mteja kichwa chini, miguu juu. Unaisogeza lenzi mbele na nyuma mpaka kope zake zionekane moja moja. Unafunga lenzi, unachomeka kasha lenye negativu, unatoka chini ya kitambaa, na kuanzia hapo huoni tena kile ambacho kamera inakiona. Unabaki kumtazama mteja kwa macho yako. Akisogea mbele upana wa kiganja tu, macho yanapotea kwenye ukungu na negativu imeharibika.

Kwa nini mtu ajitese hivyo wakati kamera ndogo zilikuwapo, na yeye mwenyewe alianza nayo? Kwa sababu negativu kubwa haihitaji mashine ya kukuzia picha. Unailaza juu ya karatasi gizani, unaimulika kidogo, unaisafisha karatasi, na picha inatoka na ukubwa ule ule wa sentimita 13 kwa 18, kila uzi wa nguo ukisomeka. Kifaa kimoja kikubwa cha gharama kimeondoka kwenye orodha. Hatua moja ya kazi imeondoka pia. Na mteja anakabidhiwa picha kali kuliko ile ya kukuzwa kutoka kwenye filamu ndogo. Huo ukali wa nguo na vito unaosifiwa leo kwenye majumba ya sanaa ulitokana na njia fupi kuliko zote za kutoka kwenye negativu hadi kwenye karatasi.

Lakini negativu kubwa ni ghali. Kwa hiyo Keïta alipiga picha moja tu kwa kila mteja. Moja. Na uamuzi huo mmoja ndio uliotengeneza kila kitu kilichobaki.

Kama una nafasi moja, huwezi kuutafuta mkao kwa kupiga. Lazima uupate kabla. Hivyo akatundika sampuli za kazi zake ukutani, mteja akaingia, akatazama, akaonyesha kwa kidole: nataka kama ile. Tazama kazi inayofanywa na kidole hicho. Mteja ameshauriwa bila kuambiwa afanye nini. Ameona kabla ya kulipa kile atakachopata. Mpiga picha amejua matarajio yake bila kubahatisha, na mazungumzo yaliyobaki ni ya kurekebisha tu: bega huku, mkono pale, uso ugeuke kidogo. Keïta alipenda kumgeuza mtu mshazari, na kichwa chenye kitambaa au kofia alikipa nafasi yake. Waliosema hawajui wakaeje alikuwa na jibu lao, kwa sababu hakuna siku mbili alizokaa mbali na nyuso za watu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeusikia msemo huu ukitumiwa na wapiga picha kama kisingizio cha kutoonyesha kazi zao. Kizuri cha Keïta kilijiuza kwa sababu kilikuwa kimetundikwa mahali ambapo mteja angekiona kabla hajafungua mkoba.

Kuhusu mwanga naweza kuwa mfupi. Alipenda mwanga wa mchana, uani, na aliujua ua wake. Mtu anayetumia mwanga mmoja mahali pamoja kwa miaka kumi na nne anaujua kama anavyoujua mlango wa chumba chake. Anajua saa ambayo kivuli kinapita chini ya kidevu na saa ambayo kinakaa begani. Nimeona studio zenye taa sita na mwenye studio hajui hata moja inafanya nini.

Pazia nalo lina habari yake. La kwanza lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe, lenye tamvua. Baadaye alikuwa akibadilisha kitambaa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Naomba ukikumbuke kitambaa hiki, tutakirudia.

Kisha vitu. Wateja walikuta kwake suti za Kizungu na tai za kuazima, saa za mkononi, kalamu, redio, saa ya mezani, maua ya kutengeneza, baiskeli, skuta aina ya Vespa. Gari lake la Peugeot nalo limo katika baadhi ya picha. Wapo waliosema hii ilikuwa kuwasaidia watu kujifanya wasivyo. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu anayekwenda kupigwa picha mara moja katika miaka kadhaa anataka ionekane anapoelekea. Yule kijana aliyeshika redio alikuwa anataka redio, na hilo lilikuwa kweli juu yake kuliko kaptura aliyoiacha nyumbani. Kibiashara, tazama vitu hivi kama huduma: gharama yake ililipwa mara moja, ikatumika kwa mamia ya wateja, na kila aliyeondoka na picha ya skuta alimwambia jirani wapi skuta ilipo.

Kuna picha yake moja ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ambayo nimeitazama pengine kuliko picha yoyote ya mtu mwingine. Kijana amevaa koti jeupe na miwani yenye fremu nene, tai imekaa sawa, kalamu imechomekwa mfukoni. Ameinua ua moja la kutengeneza kwa vidole virefu, kama mtu anayempa mwenzake aliye upande wa pili wa kamera. Ukizitazama picha za namna hii kama mfanyakazi, unaona zilikoamuliwa: kwenye vidole. Vidole vikikaza, ua linakuwa kijiti. Vikilegea sana, linaanguka. Hapo vimekaa kama mtu anayeshika kikombe cha mgeni. Mkao huo hauji wenyewe. Mtu alisimama kando ya kamera, akamtazama kijana yule, akangoja, kisha akatumia negativu moja aliyokuwa nayo.

Jaribu siku moja, na mteja unayeelewana naye. Mwambie mtapiga picha moja. Weka kamera juu ya miguu mitatu na usibonyeze mpaka muwe tayari wote wawili. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilitumia karibu nusu saa nzima kuzungumza na mtu niliyekuwa nimempiga picha mara nne miaka ya nyuma, na ndiyo siku niliyogundua kwamba huficha mkono wake wa kushoto. Katika picha mia tatu za zamani mkono ule ulikuwa nyuma ya mgongo, nami sikuwahi kuuliza.

Bei na jina

Karibu miaka mia moja kabla ya Keïta, mjini Paris, André Adolphe-Eugène Disdéri alisajili mwaka 1854 hataza ya njia ya kupata picha kadhaa ndogo, za ukubwa wa kadi, kwenye bamba moja. Bei ya picha ya mtu ikashuka ghafla, watu wakamiminika, yeye akatajirika. Ila njia yenyewe ilikuwa rahisi kuigwa, na kila studio ikaiiga. Alichokuwa akiuza ni unafuu, na mwenye kuuza unafuu hushindwa siku anapotokea wa nafuu zaidi. Disdéri alifariki mwaka 1889 akiwa hana kitu.

Keïta hakuuza unafuu. Aliuza picha ya Seydou. Picha alizotoa zilibeba mhuri wake, na watu wa Bamako waliokuwa na uwezo walitaka kuwa na picha yenye mhuri ule. Wapiga picha wengine walikuwapo mjini. Kilichomleta mteja uani kwa Keïta ni kwamba aliiona picha ya shangazi yake pale sebuleni, na shangazi ameonekana kama anavyopenda kujiona. Tangazo la namna hiyo hukaa ukutani miaka thelathini na halilipiwi tena.

Ndiyo maana huwa nawaomba wanaoanza wasikabidhi mafaili matupu. Faili linakaa ndani ya simu, linatazamwa siku mbili, linafunikwa na mengine elfu. Picha iliyochapishwa na kutiwa fremu inaonwa na kila mgeni anayeingia nyumbani, naye huuliza nani kaipiga. Mpiga picha anayekabidhi mafaili peke yake anatafuta mteja mpya kila mwezi kwa jasho. Anayekabidhi karatasi ana watu wanaomtafutia.

Siku ua ulipofungwa

Mali ilipata uhuru mwaka 1960. Karibu na mwaka 1962 serikali mpya ilimwita Keïta awe mpiga picha wake rasmi. Wito wa namna ile haukuwa wa kukataliwa. Studio ikafungwa, akawa mtumishi wa serikali hadi alipostaafu mwaka 1977.

Hapa biashara ile inaonyesha udhaifu wake mkubwa wa kwanza. Kamera ilikuwapo, kiwanja kilikuwapo, wateja walikuwapo, jina lilikuwa kubwa. Alipoondoka mtu mmoja, picha za Seydou zikakoma. Simlaumu, maana kitu kilichouzwa pale kilikuwa jicho lake. Lakini mpiga picha yeyote anayejenga biashara juu ya jicho lake mwenyewe ajue kwamba siku akiumwa, akihama, au akiitwa, kinachobaki kikiwa hai ni kumbukumbu za kazi, kama alizitunza. Keïta alizitunza. Negativu alizipanga na kuzihifadhi, kwa sababu mteja angeweza kurudi kuagiza nakala nyingine, na nakala ya pili huleta pesa bila mtu kukaa mbele ya kamera. Tabia hiyo ya kibiashara, ya kutunza negativu kwa ajili ya oda za baadaye, ndiyo iliyookoa kazi yake yote.

Baada ya maonyesho ya New York, mkusanyaji wa sanaa Jean Pigozzi alivutiwa na zile picha zisizo na mwenyewe, na André Magnin, msimamizi wa mkusanyo wake wa sanaa, akaenda Bamako kumtafuta aliyezipiga. Alifikishwa kwa mpiga picha mwingine mkubwa wa mji ule, Malick Sidibé, naye alipoonyeshwa alizitambua: hizi za Keïta. Mwaka 1994 Keïta alifanyiwa maonyesho yake mwenyewe jijini Paris, kwenye Fondation Cartier. Akajulikana dunia nzima akiwa mzee. Alifariki Paris mwaka 2001.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Mtu aliyepiga mhuri kwenye picha zake aliitwaje asiyejulikana?

Mhuri ulikuwa kwenye karatasi. Karatasi zilikwenda kwa wateja. Negativu ni kitu kingine: ikitoka ndani ya kasha lake bila maelezo, haisemi imetoka kwa nani, nani yumo, wala mwaka gani. Anayeichapa upya mbali na nyumbani kwake anapata uso mzuri na ukimya. Jina lilikaa kwenye nakala, halikufika kwenye chanzo.

Mwenzangu, nenda kafungue faili lako la mwaka jana. Je, jina lako limo ndani ya faili lenyewe, kwenye maelezo yaliyofichika ambayo kamera nyingi na programu nyingi za picha zinaweza kuyaandika? Kamera nyingi za kisasa zina sehemu ya kuweka jina la mwenye haki mara moja, na kila picha inayotoka inalibeba. Alama ya maji kwenye kona ya nakala ya mtandaoni ni mhuri wa karatasi tu. Inakatwa kwa sekunde mbili. Maelezo ya ndani nayo yanaweza kufutwa, na mitandao mingi huyaondoa, lakini kwenye faili mama lililo kwako yanakaa, na siku ya ubishi hilo ndilo linaloangaliwa.

Upande wa pili wa ukimya huo unaniuma zaidi. Waliopigwa picha nao hawana majina. Picha nyingi za Keïta zinazotundikwa leo duniani hazina kichwa, zina mwaka wa kukadiria tu. Yule kijana wa ua, wale akina mama waliolala juu ya mto kama malkia, yule baba mkubwa wa mwili aliyembeba mtoto mchanga: walilipa, wakapewa picha ya sentimita 13 kwa 18 iwe ya nyumbani kwao. Miaka arobaini baadaye sura zao zilikuzwa kupita kimo cha mtoto, zikauzwa kwa wakusanyaji, na wengi wao hawakuulizwa, kwa kuwa hakuna aliyejua awaulize akina nani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kilichopotea ni watu. Mstari mmoja kwa kila mteja ungetosha: jina, tarehe, namba ya negativu.

Na baada ya kifo chake ulizuka mgogoro juu ya negativu na haki ya kuzichapa, ukafika mahakamani. Sitaki kupima hapa nani alikuwa na haki. Ninachoweza kusema ni kwamba mambo yaliyogombewa ni yale ambayo mpiga picha anaweza kuyaandika akiwa hai, kwenye karatasi moja: nani anamiliki negativu, nani anaruhusiwa kuchapa, kwa ukubwa gani, nakala ngapi, na nani anaamua yeye akiondoka.

Usidhani sheria itakuandikia. Nchi hutofautiana, na hata nchi moja hubadilika. Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1956, hakimiliki ya picha iliyoagizwa na kulipiwa ilikuwa ya aliyeagiza. Sheria ya mwaka 1988 ikaigeuza, hakimiliki ikawa ya mpiga picha, lakini ikambakishia mteja aliyeagiza picha kwa mambo yake ya binafsi na ya nyumbani haki ya kuizuia isitolewe hadharani. Mgawanyo huo naupenda sana. Kazi ni yako, uso ni wa mwenyewe. Mkataba mzuri wa studio unaweza kusema hivyo kwa maneno ya kawaida: mimi mpiga picha ndiye mwenye hakimiliki, sitaiweka picha yako mahali popote pa hadhara bila ruhusa yako ya maandishi, nitalitunza faili lako kwa muda huu, na baada ya hapo nitakupa taarifa kabla ya kulifuta. Mteja asaini kabla ya taa kuwashwa, na siku hiyo hiyo alipe sehemu ya malipo. Nimewaona watu wakiona haya kumpa mteja karatasi, eti ataona haaminiwi. Kwa ninavyojua mimi, mteja anayepewa karatasi anakaa mbele ya kamera kwa amani zaidi, kwa sababu ameshajua picha yake haitamkuta kwenye tangazo la mtu.

Keïta hakuwa na daftari la majina na tarehe, na walipomjia watu kutaka kujua picha hii ni ya mwaka gani na ile ni ya mwaka gani, ilibidi atafute njia nyingine ya kukumbuka. Uso haukumsaidia, walikuwa maelfu. Nguo hazikumsaidia, nyingi zilikuwa za studio. Alitazama nyuma ya mtu, kwenye kitambaa. Kama ni lile tandiko lenye tamvua, ni miaka ya mwanzo kabisa. Kama ni kitambaa kilichofuata, ni baada ya hapo, na kingine baada ya kingine, miaka miwili au mitatu kila kimoja, mpaka ua ulipofungwa.